Tarehe Ishirini na Mbili Pagume

Mama Etalem alikuwa na tabia ya kugonga kioo cha dirisha langu kwa pete yake hata kama nilikuwa namtazama usoni. Kila Jumatatu asubuhi nilimwona akimaliza ngazi akihema, nikamwona akisogea, hata tabasamu nikamtolea, na bado alipofika aligonga. "Binti, niangalizie mwanangu."

Mwanawe aliitwa Dagim Mersha. Alikuwa utingo wa lori la saruji lililokwenda kaskazini wakati wa vita na halikurudi. Lori lilionekana limeteketea kando ya barabara, na dereva alikutwa ndani. Dagim hakukutwa, si ndani wala nje, na kwa sababu hiyo mama yake alikataa katakata kuvaa nguo nyeusi. Hakuja kwetu kudai fidia wala cheti. Alitaka kujua kama ana mtoto wa kumtafuta au ana mtoto wa kumlilia, basi.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya tatu, Lideta, hapa Addis Ababa, na kazi yake ilikuwa hiyo moja tu, kutafuta watu waliopotea vitani. Mimi, Senait, nilikaa dirishani. Kwenye chumba cha nyuma kisicho hata na tundu la hewa alikaa Mintesnot, kijana aliyeiandika programu yetu tuliyoiita Felagi, yaani mtafutaji. Siku zangu za mwanzo alinionyesha ilivyo ndani, mkono mmoja ukimega injera, mkate wetu, na mwingine ukibofya.

"Humu hakuna majedwali, Senait. Kuna watu na vitu, halafu kuna kamba za kuwaunganisha. Chukua huyu mama wa pete. Etalem ni mama wa Dagim, hiyo kamba. Dagim ni utingo wa lori fulani, kamba nyingine. Lori lilichomwa barabara fulani. Kila kamba ina maana yake na mashine inaijua. Uandike utingo, uandike msaidizi wa dereva, kwake ni kitu kimoja. Ukiiambia huyu ni mama wa yule, yenyewe inajua yule ni mwana, hata kama hukusema."

"Na wewe unajua kunawa mikono kabla ya kushika kibodi?"

"Hiyo awamu ya pili."

Awamu ya pili ndiyo ilikuwa utani wetu mkubwa. Kila kilichotushinda tulikisukumia huko: lifti, maji ya chooni, na ile kengele ambayo ingeita familia yenyewe pindi habari za mtu wao zinapoingia. Kengele ilikuwa imechorwa vizuri kwenye karatasi ukutani, na ikabaki hapo ukutani.

Mambo yalipoongezeka humo ndani, Felagi ikawa nzito. Nilikuwa nikiandika jina, kigurudumu kinaanza kuzunguka kwenye skrini, nakunywa kahawa yangu mpaka mashapo na bado kinazunguka. Mashine ilikuwa inatoka kwa mama kwenda kwa mwana, kwa mwana kwenda kwa lori, kwa lori kwenda barabarani, hospitalini, kambini. Foleni ilishuka ngazi zote ikatokea nje, na ulikuwa mwezi wa Nehase, katikati ya masika yetu, mvua ya kuchapa. Mzee mmoja alianguka pale chini akiwa na picha ya binti yake ndani ya mfuko wa nailoni. Bi Sosena, mkuu wetu, akatuita.

"Mintesnot, watu wananyeshewa."

"Najua, Bi Sosena. Nipe nafasi niongeze vitu viwili. Cha kwanza faharasa. Sasa hivi mashine ikimtaka Etalem inapekua kamba zote tangu ya kwanza. Nikiipa faharasa, kama ile ya nyuma ya kitabu, itamfikia moja kwa moja."

Hilo tulilikubali wote.

"Cha pili akiba. Watu walewale wanauliza swali lilelile kila wiki. Tukishatafuta mara moja, jibu tuliweke pembeni. Akirudi apewe lililopo."

"Hata jibu la hakuna?" nikauliza.

"Hilo hasa. Aliyepatikana anapatikana njiani. Asiyepatikana ndiye anayetumaliza, maana mashine inamfuata mpaka mwisho wa kila kamba."

"Na habari zake zikiingia kesho yake?"

"Jibu linakaa mwezi mmoja. Baada ya hapo linatupwa, linatafutwa upya."

"Mwezi, Minte? Kwa mama?"

"Senait, habari zinaingia kutwa. Nikifuta majibu kila zinapoingia, tumerudi palepale, na yule mzee anaanguka tena. Haya, chagua wewe."

Sikuchagua. Bi Sosena alichagua, na kwa kweli hata mimi ningechagua vilevile. Kulikuwa na ubishi mwingine mdogo siku hiyo. Mshauri fulani wa kigeni alitaka tarehe zote ziandikwe kwa kalenda ya kwao. Mintesnot akagoma. "Mama akija ananiambia mwanangu aliondoka tarehe kumi na mbili Yekatit. Nimgeuzie ya Ulaya ili nani afurahi?" Tulimpigia makofi. Tarehe za Felagi zikabaki zetu, miezi yetu yenye siku thelathini thelathini.

Mitambo mipya ilianza kazi Jumatatu, tarehe ishirini na mbili Nehase. Mama Etalem alikuwa mtu wa tatu. Niliandika jina lake yeye, la anayeuliza, kigurudumu kikazunguka kidogo, kikasimama: Hakuna. Jumatatu iliyofuata sikuwahi hata kuondoa kidole. Neno lilitokea papo hapo, na pembeni yake nukta ya kijani, alama ya jibu lililotoka kwenye akiba. Niliipenda sana ile nukta, maana ilimaanisha nitaenda kula mapema.

"Upesi hivi?" akasema Mama Etalem. "Imetafuta kweli?"

"Imetafuta, mama."

Akaitazama skrini kwa pembeni, akajifunga vizuri netela yake, shali ya pamba, begani, akashuka. Pagume ikapita na mvua zake za mwisho, mwaka mpya ukaingia, watoto wakatembeza maua ya manjano mlango hadi mlango. Foleni ikawa ya watu wachache. Wafadhili wakaja kupiga picha wakiwa wamemweka Mintesnot katikati, kavaa shati lililopigwa pasi, jambo ambalo sikuwahi kuliona kabla.

Nyumbani kwake Gofa, Mama Etalem alikuwa na vita vyake. Shemeji zake walitaka msiba uwekwe, roho ya kijana ipumzike. Mzee Tirfe, mwenyekiti wa idir yao, chama chao cha mazishi, alikuwa akipita kila mara kumuuliza hema la msiba lipigwe lini. Silaha ya Mama Etalem ilikuwa ni sisi. "Ofisi haijasema amekufa," alikuwa akiwajibu. "Ofisi ikisema, nitawaita mwenyewe." Alikuwa akinisimulia haya huku akicheka, mkono umeziba meno yaliyong'oka, na siku nyingine aliniletea kolo, shayiri ya kukaanga, kwenye kipande cha gazeti.

Lakini neno moja likirudiwa sana linamchosha mtu. Kufika Yekatit, mwezi wa sita wa mwaka huo, alikuwa hacheki. Kina mama aliokuwa akikutana nao kwenye ngazi walikuwa wanaanza kupata majibu, mengine mazuri, mengi mabaya.

"Wenzangu wanaambiwa kitu," alisema. "Hata kibaya wanaambiwa. Mimi nina dhambi gani?"

Ukaingia mwezi uliofuata, Megabit, mfungo mkubwa umeanza, naye akaja Jumatatu moja bila kugonga kioo. Alisimama tu. Bi Sosena alikuwa anapita, akamwona, akazunguka upande wa nje wa dirisha akamshika mikono yote miwili.

"Nife mimi kwa ajili yako, nambie ukweli," Mama Etalem akamwambia. "Ungekuwa wewe, ungefanyaje?"

"Mama yangu, kama kungekuwa na habari zake popote nchini, tungekuwa nazo."

Wiki ileile hema likapigwa Gofa. Nilikwenda. Mama Etalem alikuwa kakaa chini, kavaa nyeusi, nywele kanyoa, picha ya Dagim ya shule mapajani. Wanawake walijipiga vifua na kumwita kijana kwa jina, wakimsifu mabega yake, sauti yake, alivyokuwa akiruka kwenye lori linalotembea. Yeye alichelewa kulia. Alipoanza, wale wengine wote walinyamaza, na mimi nikatoka nje kwa sababu sikuweza kusikiliza. Mintesnot alikuwa kakaa nyuma kabisa na bakuli la nifro, nafaka za kuchemsha za msibani, hakula hata punje.

Jumatatu zilizofuata hakuja tena.

Mwezi wa Ginbot, miezi miwili baadaye, alikuja dirishani mtawa mmoja mrefu, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa ameingia mjini kutafuta dawa za kituo chao, huko mashambani.

"Nina swali moja tu, binti. Habari tunazowatumia huwa mnazitia wapi?"

"Kwenye mashine, Sista."

"Basi mashine yenu imelala. Tulikuwa na kijana, aliletwa kapigwa kichwani, haongei. Mwezi wa Hidar akaongea. Akataja jina lake, la baba yake, la mama yake. Siku hiyohiyo tukatuma. Hakuja mtu. Kila gari likiingia uani kwetu anauliza, 'Mama amekuja?' Tukasema labda mama mwenyewe alishafariki."

"Na sasa yuko wapi?"

"Tumemzika. Wiki ile baada ya Pasaka. Mapafu."

Alipolitaja jina nikavuta kibodi. Niliandika Dagim Mersha. Felagi ikanionyesha yote bila kinyongo: Dagim, mwana wa Etalem Wubneh wa Gofa, yupo kituo cha watawa, habari zimeingia Hidar, miezi minne kabla ya hema kupigwa Gofa. Kamba zote zilikuwa zimefungwa mahali pake. Nikaandika Etalem Wubneh, nikauliza mwanawe yuko wapi. Hakuna, na nukta ya kijani. Nikarudia. Hakuna. Mara ya tatu nilikosea herufi. Nikamwita Mintesnot kwa sauti ambayo Bi Sosena aliisikia akiwa kwenye simu.

Alikuja na injera yake mdomoni. Alisoma upande mmoja, akasoma upande wa pili, akaacha kutafuna. Akavuta kiti changu nikiwa bado nimekikalia, akafungua jibu lenyewe lilivyowekwa ndani ya akiba.

"Limewekwa tarehe ishirini na mbili Nehase," akasema.

"Linaisha lini?"

Alinionyesha kwa kidole. Pale palipotakiwa kuwa na tarehe ya kulitupa palikuwa patupu.

"Minte, linaisha lini?"

"Niliandika tarehe ileile, mwezi unaofuata. Miezi yetu yote ni siku thelathini, nikaona hesabu nyepesi. Unaongeza mwezi mmoja, basi."

"Na baada ya Nehase unakuja mwezi gani?"

"Pagume."

"Pagume ina siku ngapi?"

Kila mtoto wa nchi hii anajua. Pagume ni mwezi wetu wa kumi na tatu, siku tano, mwaka mwingine sita, na watu huutumia kuoga mvua na kungoja mwaka uishe. Tarehe ishirini na mbili Pagume haijawahi kuwako. Mashine iliitafuta siku hiyo, haikuiona, ikaacha patupu. Na patupu, kwa alivyoandika Mintesnot mwenyewe, maana yake ilikuwa jibu hili lisitupwe kamwe. Aliweka hivyo kwa ajili ya watu ambao vifo vyao vilikwisha kuthibitishwa, ili mashine isiwe inawatafuta bure. Dagim alikuwa anapumua, anauliza magari, na Felagi ilikuwa imemweka fungu moja na maiti.

"Ni wangapi?" Bi Sosena aliuliza. Alikuwa amesimama nyuma yetu.

"Wote ambao jibu lao liliwekwa Nehase, tangu mitambo mipya ilipoanza."

Hao walikuwa wale wa foleni ndefu, walionyeshewa na mvua. Mintesnot alianza kusema kwamba kama angekubali kalenda ya Ulaya, nikamwambia anyamaze. Nilimwambia na mengine, mabaya, mbele ya mtawa. Aliyapokea yote ameshika ile injera. Hasira yangu haikuishia kwake, ilikwenda mpaka ukutani kwenye ile karatasi ya kengele, nikaichana. Bi Sosena alikuwa amemwambia yule mama kwamba kama kungekuwa na habari popote nchini tungekuwa nazo. Tulikuwa nazo kweli, tangu Hidar, chumba cha pili kutoka pale alipokuwa akisimama mama yake.

Tulikwenda Gofa jioni hiyo, Bi Sosena, Mintesnot na mimi. Mama Etalem alikuwa uani anachambua dengu. Alitukaribisha, akaanza kutafuta sufuria ya kahawa, na Bi Sosena akamwomba aketi. Mintesnot hakuingia na sisi. Aliinama langoni akaokota jiwe, la ukubwa wa mkate, akalitwika shingoni kama wanavyofanya watu wanaoomba msamaha wa damu, akaingia ameinama hivyo na kupiga magoti mbele ya ungo wa dengu.

Bi Sosena alieleza. Alieleza vizuri, bila kujitetea, na Mama Etalem alisikiliza akiendelea kutoa vijiwe kwenye dengu.

"Kwa hiyo nilipokuwa hemani," akasema mwishoni, "mwanangu alikuwa hai."

Bi Sosena akainamisha kichwa kukubali.

"Alisema nini? Huyo mtawa anasema alisema nini?"

"Alisema jina lake, mama," nikamwambia. "Na la baba yake. Na lako."

Habari ya magari sikumpa. Nilishindwa, na mpaka leo sijui kama nilimhurumia yeye au nilijihurumia mimi.

Akamgeukia Mintesnot. "Liweke chini hilo jiwe. Utaumia shingo." Halafu akamtuma mtoto wa jirani akamwite Mzee Tirfe.

Mzee Tirfe alifika na fimbo yake, akasimuliwa, akajishika kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Mama Etalem alimwambia anataka hema kesho, watu waitwe, mwanawe amefariki.

"Dada yangu Etalem," akasema yule mzee, na alikuwa haangalii mtu, "idir inamlilia mtu mara moja. Dagim tulishamlilia."

"Mlimlilia akiwa hai!"

"Tulimlilia. Hema lilitoka, watu walikesha. Nikiitisha tena wataniuliza amekufa mara ngapi. Utaratibu ndio huo."

Mintesnot aliinua kichwa, akamtazama Mzee Tirfe, kisha akakiinamisha tena. Mama Etalem hakubishana zaidi. Aliuvuta ungo wake karibu, na sisi tukaondoka kahawa haijachemka.

Usiku ule Mintesnot aliing'oa akiba yote, kila jibu, akaiacha Felagi na faharasa peke yake. Hakukubali kuirudisha mpaka aandike upya kila mstari wa tarehe. Watu wakasikia kwamba majibu ya zamani hayaaminiki, wakarudi wote kwa pamoja, wakaulizia hata jamaa za jamaa zao. Kufika wiki ya pili mashine ilikuwa nzito vilevile kama zamani, na foleni imeshuka ngazi mpaka barabarani.

Mama Etalem alikuwa ndani ya foleni hiyo Jumatatu. Nilimwona kwenye ngazi, kavaa nyeusi tupu, akingoja zamu yake nyuma ya watu. Nilimwashiria apite mbele, akakataa kwa mkono. Alipofika, nikiwa namtazama usoni, aligonga kioo kwa pete.

"Binti, niangalizie mwanangu."

"Mama..."

"Niangalizie."

Nikaandika jina lake. Kigurudumu kikaanza kuzunguka. Kikazunguka, kikazunguka, na watu waliokuwa nyuma yake, ambao siku nyingine wangenitukana, walinyamaza wote kwa sababu walikwisha kujua yeye ni nani. Alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo, macho kwenye skrini, hayapepesi. Kahawa yangu ilipoa. Mwishowe yakatokea maandishi, hakuna nukta ya kijani: Dagim Mersha, mwana wa Etalem Wubneh, amefariki, kaburi lipo uani kwa watawa. Nikamsomea polepole.

Akaondoa paji lake kwenye kioo, akapafuta pale alipopaegemea kwa ncha ya netela.

"Leo imetafuta," akasema, akampisha aliyefuata.